Mshiriki na Mshirika: Mgonjwa Katika Makongamano ya Madaktari

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Najua kwamba miongoni mwenu wapo wasio wazima, na nyumbani kwetu pia si sote tulio wazima. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

Muhula uliopita mlezi wa chama chetu alitutaka kila mmoja achague maneno mawili yanayofanana, ambayo watu huyachanganya, kisha aeleze tofauti yake. Wenzangu wakakimbilia ajali na ajili, fua na vua, na mengineyo ambayo tumeyazoea tangu shule ya msingi. Mimi nilichagua mshiriki na mshirika. Ukiyatazama utadhani ni neno moja lililokosewa tahajia. Tofauti ni irabu moja tu, ile ya mwisho. Lakini maana, lo!

Mshiriki ni mtu anayeshiriki jambo, yaani aliyemo. Ukialikwa harusini ukala pilau na kupiga vigelegele, wewe umekuwa mshiriki. Mshirika naye ni mwenzako katika jambo lenyewe. Mnachanga pamoja, mnapanga pamoja, faida mnagawana na hasara mnagawana. Mwenye duka akiwa na mshirika, huyo mshirika ana haki ya kuuliza kwa nini sukari imenunuliwa kwingine. Mteja hana haki hiyo, hata akija dukani kila siku. Hapa chamani pia unaweza kuwa mshiriki wa tamasha kwa kukariri tu shairi ulilopewa. Mshirika ni yule aliyekaa kwenye kamati akasema shairi hilo ni refu mno, tutafute jingine.

Basi sasa nitaeleza jinsi irabu hiyo moja ilivyomwuma mama yangu.

Mama ni fundi wa cherehani. Kwa miaka sita amekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Jina hilo Waswahili hulitumia kwa maradhi mengi ya viungo. Aliyo nayo mama ni ile aina ambayo madaktari huiita rumatoidi. Watu wa mtaani humwambia ati ni kwa sababu ya kuoga maji baridi akiwa msichana. Sivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuushambulia utando ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba, huuma, na visipotibiwa mapema hatimaye hupinda. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Aghalabu huanzia kwenye vidole, viganja na nyayo, na huwa mbaya zaidi asubuhi, kwa maana viungo hukakamaa usiku. Mama yangu kabla ya saa tatu asubuhi hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Hata kufunga kifungo cha blauzi ni kazi yangu au ya dada.

Tena kuna uchovu. Nauandika peke yake kwa sababu mbele nitaurudia. Mama husema, "Mwanangu, huu si uchovu wa kulima. Wa kulima ukilala unaisha. Huu mimi huamka nao."

Mwaka jana, kwenye kliniki anakotibiwa, aliambiwa kwamba kutakuwa na kongamano la madaktari na wasomi wa afya katika jiji fulani, na kwamba wangependa mgonjwa mmoja azungumze. Mama alifurahi sana. Aliniambia nimwandikie maneno yake kwenye karatasi, kwa Kiswahili safi, kurasa mbili. Nikayaandika na kuyasahihisha mara tatu. Ilikuwa likizo, kwa hivyo nilikwenda naye ili nimbebee mkoba.

Kongamano lilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, na mama alikuwa ameamka saa nane usiku ili viungo vilegee kidogo. Tulipofika tukakuta ukumbi uko orofa ya pili na lifti imeharibika. Tulipanda ngazi pole pole, tukipumzika kila baada ya chache, na mabwana wenye tai wakitupita. Mlangoni kila mtu alipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye jina lake na mahali anakotoka. Cha mama kiliandikwa neno moja tu: MGONJWA.

Hotuba zilirefuka, si unajua hotuba. Zamu ya mama ikafika karibu saa sita. Mshereheshaji, ambaye alikuwa akizungumza Kiingereza wakati wote, akageuza ulimi akasema, "Sasa mgonjwa wetu atatueleza kwa kifupi, dakika tano." Mama alikuwa hajamaliza ukurasa wa kwanza alipoombwa ainue mikono ili watu waione vizuri. Akainua. Picha zikapigwa, makofi yakapigwa, akashukuriwa, akaketi. Baada ya chai kilifuata kipindi kuhusu dawa, zikiwemo zile anazomeza yeye. Kijana mmoja wa mlangoni akatuambia kwa heshima kuwa kipindi hicho ni cha wataalamu pekee. Kuhusu nauli, tuliambiwa tutarudishiwa tukileta risiti. Msomaji, ni nani kati yetu amewahi kupewa risiti na makanga wa matatu?

Sitaki kumsingizia mtu ubaya. Hakuna aliyetutukana. Chakula tulipewa, na daktari wa mama ni mtu mwema ambaye humtibu kwa makini. Naamini hata waliopanga walidhani wanamheshimu. Lakini tulipokuwa tunarudi, mama aliangalia nje ya dirisha muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona hakuna hata mmoja aliyetaja uchovu?" Maneno juu ya uchovu yalikuwa kwenye ukurasa wa pili.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wetu wa Baiolojia. Hakunipa pole nyingi. Alinipa kazi. Aliniambia nitafute kama jambo hili limewahi kutokea kwingine. Niliyoyapata yalinishangaza, maana la kwanza lilikuwa juu ya ugonjwa huu huu wa mama, na juu ya uchovu huu huu.

Kuna kongamano la kimataifa liitwalo OMERACT. Lilianza mwaka wa 1992 katika mji wa Maastricht, Uholanzi. Kazi yake ni kukubaliana juu ya vipimo. Fikiria hivi: daktari wa Uholanzi akijaribu dawa mpya ya baridi yabisi na daktari wa Kanada akijaribu nyingine, tutajuaje ipi ni bora ikiwa kila mmoja anapima mambo yake? Kwa hivyo walikubaliana juu ya orodha moja. Ilikuwa na idadi ya viungo vinavyouma, idadi ya viungo vilivyovimba, kiasi cha maumivu, uwezo wa kufanya kazi za kila siku, maoni ya mgonjwa na ya daktari kuhusu hali yake kwa jumla, na kipimo cha damu. Utafiti ukichukua mwaka mmoja au zaidi, picha ya eksirei huongezwa. Ni orodha nzuri. Iliundwa na watu waliosoma mno.

Mwaka wa 2002 kongamano hilo lilifanyika Gold Coast, nchini Australia, na kwa mara ya kwanza waliketi humo wagonjwa 11 wenye baridi yabisi. Hawakualikwa kuinua mikono. Walikaa kwenye vikundi vya majadiliano pamoja na madaktari. Na walipoulizwa ni mambo gani yanayowatesa na ambayo wangependa dawa iyaondoe, wakataja uchovu. Wataalamu wakaitazama orodha yao. Uchovu haumo. Miaka kumi walikuwa wamepima dawa za ugonjwa huo na hawakuwa wameuweka kwenye orodha, si kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu uchovu hauonekani ukibonyeza kiungo, na mgonjwa mwenyewe hakuwamo chumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga. Baada ya hapo utafiti ukafanywa, na katika kongamano la mwaka wa 2006 kule Malta wakakubaliana kwamba uchovu upimwe pia katika utafiti wa ugonjwa huo kila inapowezekana.

Nilipomsomea mama habari hii alinyamaza. Halafu akasema nisome tena pale pa wagonjwa 11.

Zingatia jambo moja hapa. Wale 11 wangeletwa Gold Coast kutoa ushuhuda wa dakika tano, wangelia, watu wangelia nao, na orodha ingebaki ilivyokuwa. Kilicholeta tofauti ni kukaa mahali ambapo jambo linaamuliwa. Nako kupanga kongamano ni kuamua: ni mada zipi zitazungumzwa, nani atazungumza, saa ngapi, mahali gani, kwa lugha gani, na nani atalipiwa nauli. Ratiba ikishachapishwa, mgonjwa akiletwa hana la kubadilisha isipokuwa viatu vyake.

Lakini waliotangulia kudai nafasi hiyo kwa sauti kubwa hawakuwa watu wa baridi yabisi. Walikuwa watu wenye UKIMWI. Mwezi wa Juni 1983, miaka miwili tu baada ya ugonjwa huo kuripotiwa kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mkutano wa afya katika mji wa Denver, Marekani. Wakati huo hapakuwa na dawa yoyote ya kuuzuia. Kikundi kidogo cha wagonjwa kilipanda jukwaani na kusoma tamko. Walisema wasiitwe waathiriwa, na kwamba hata neno wagonjwa linawafaa mara moja moja tu. Wao ni watu wenye UKIMWI. Wakadai wawemo katika kila mkutano unaozungumzia ugonjwa wao, na maneno yao yapewe uzito sawa na ya wengine. Sisi wa Kiswahili tunapaswa kupiga kituo hapa, kwa sababu walianza na msamiati. Hata lugha yetu imepita njia hiyo. Magazeti ya zamani yaliandika "waathiriwa wa UKIMWI" bila kufikiri, na siku hizi tunafundishwa kusema "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI". Ni maneno marefu, najua, na kwenye imla ni taabu. Lakini yana mtu ndani yake.

Miaka sita baadaye, Juni 1989, kongamano la kimataifa la UKIMWI lilifanyika Montreal, Kanada. Kabla Waziri Mkuu wa nchi hiyo hajahutubia, wanaharakati, wakiwemo wenye ugonjwa huo, waliingia ukumbini wakalitwaa jukwaa, na mmoja wao akatangaza kwamba analifungua rasmi kongamano kwa niaba ya watu wenye UKIMWI. Sisemi tukavamie majukwaa, mwalimu wa nidhamu asije akaniita ofisini. Nasema walivamia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mahali pa kukutania. Tangu mwaka wa 1987 Marekani ilikuwa imewazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuingia nchini humo. Sasa niambie, kongamano la UKIMWI utalifanyaje katika nchi ambayo mwenye UKIMWI hawezi kuingia? Lile la mwaka wa 1990 mjini San Francisco lilisusiwa na mashirika mengi. La mwaka wa 1992 lilikuwa lifanyike Boston. Likahamishwa hadi Amsterdam, Uholanzi. Makongamano hayo hayakurudi Marekani hadi mwaka wa 2012, baada ya kizuizi hicho kuondolewa mwaka wa 2010. Miaka 22! Hata mtu mmoja tu mwenye virusi angekuwa kwenye kamati ya kuchagua mji, angeliona jambo hilo siku ya kwanza. Lifti mbovu ya mama na mpaka wa Marekani vinatofautiana kwa ukubwa, lakini kosa ni lile lile.

Wala ushuhuda si kitu cha kudharau. Julai 2000, kongamano hilo lilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Durban, mtoto wa miaka 11 aitwaye Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi, alisimama mbele ya maelfu ya watu siku ya ufunguzi. Hakuishia kusimulia masaibu yake. Aliitaka serikali ya Afrika Kusini iwape dawa kina mama waja wazito ili wasiwaambukize watoto wao. Alifariki mwaka uliofuata. Nimemtaja ili mtu asiseme ninataka wagonjwa wasizungumze jukwaani. Wazungumze, na wazungumzapo wawe na haki ya kuomba kitu, si kuhurumiwa tu.

Mwaka wa 2015 ilitolewa hati fupi ya masharti kwa waandaaji wa makongamano ya afya, inayojulikana kwa jina la Patients Included, yaani Wagonjwa Wamo. Inasema kwamba wagonjwa au wanaowatunza wawemo katika kupanga, hadi kuchagua mada na wazungumzaji, na wawemo pia jukwaani na katika hadhira. Mahitaji ya wenye ulemavu yatimizwe. Vipindi vyote viwe wazi kwao. Walio mbali wawezeshwe kufuatilia kwa intaneti. Na nauli na malazi ya waliomo kwenye ratiba yalipwe yote, tena kabla ya safari! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktabani. Kumbe si mama yangu tu aliyewahi kuombwa risiti. Kasoro ya hati hiyo ni kwamba waandaaji hujipima wenyewe na kujitangaza kuwa wametimiza. Hilo ni kama mtihani ambao mtahiniwa anausahihisha mwenyewe, nasi twajua alama zake huwaje.

Nilipoyasoma haya mbele ya chama Ijumaa moja, nilipingwa vikali. Mmoja akasema mgonjwa hajui sayansi, atavuruga kikao. Nilimjibu kwamba hakuna anayemtaka mgonjwa afanye upasuaji. Anatakiwa aseme anachokijua, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akaguna, lakini akakaa chini. Swali la pili lilitoka kwa katibu wetu, na hilo lilinitoa jasho: "Ni mgonjwa yupi?" Alisema kamati zitamchagua yule ajuaye Kiingereza, aliye na kazi nzuri, asiyebishana, na kila mwaka watamwita huyo huyo. Mgonjwa wa kijijini atabaki huko huko. Isitoshe, mgonjwa mmoja si wagonjwa wote. Mama ana watoto wakubwa wa kumfunga vifungo, na mwingine anaishi peke yake. Sina jibu kamili. Nadhani wasiwe mmoja, wawe watatu au wanne, kwa sababu hata kuugua kwenyewe hakufuati ratiba, na siku ya kikao mmoja anaweza kushindwa kuinuka kitandani. Na kama ni kampuni ya dawa inayowalipia, isemwe wazi.

Kuhusu lugha ndipo sisi tunapoingia. Wale wa OMERACT walitambua kwamba kumketisha mtu katikati ya istilahi asizozielewa ni kumnyamazisha, wakawaandalia wagonjwa faharasa ya maneno magumu. Ya kwetu iko wapi? Tumeanza ndogo hapa chamani, yenye maneno arobaini, kwa msaada wa mwalimu wa Baiolojia. Tulibishana juma zima juu ya Kiswahili cha dawa isiyo dawa, ile ambayo wapewao hudhani wametibiwa, na mpaka sasa hatujakubaliana. Wengine wanataka "dawa bandia", ila mama alisema akisikia hivyo atadhani ameuziwa dawa feki sokoni. Basi tumeiacha wazi, mwenye neno na alilete.

Mapema mwaka huu nesi mmoja alimpigia mama simu. Kutakuwa na kongamano jingine, je, angekubali kuja kuzungumza tena? Mama alisema atajibu kwa barua. Jioni aliniketisha mezani akanitajia maneno, nami nikaandika. Aliomba kipindi chake kisiwe kabla ya saa nne. Aliomba ukumbi uwe chini. Aliomba nauli mapema, bila habari za risiti. Aliomba uchovu uwe mada, si lazima azungumze yeye. Mwisho akaomba, kabla ya yote hayo, aketi kwenye kamati ya maandalizi. Nilitaka kuongeza methali mbili tatu kunogesha barua, akanikataza.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Saa nne, sawa. Ukumbi uko chini. Nauli itatumwa kwa simu siku mbili kabla. Mada ya uchovu, kamati italifikiria. Naye anakaribishwa katika kikao cha pili cha kamati kama mwalikwa.

Mama aliisoma barua hiyo mwenyewe, akiwa ameiweka mezani kwa kuwa karatasi nyembamba humtoroka vidoleni. Akaniuliza, "Mwalikwa ndiye mshiriki au ndiye mshirika?"

Nilimwambia kamusi haisemi.

Kikao ni Alhamisi ya pili baada ya gazeti hili kwenda kwa mpiga chapa. Mama anajishonea mfuko wa kitambaa wa kutilia karatasi zake, wenye mpini mpana wa kutundika begani, kwa kuwa faili huwa linamponyoka. Anashona kidogo kidogo, mchana tu, mikono inapokubali. Ule ukurasa wa pili tayari umo ndani.